Udongo wa Muyinga Umefika Brussels, Kiriri Twaabudu Vioo

Ukisimama mjini Bujumbura alasiri ukatazama juu Kiriri, utaona vioo vikimeta mlimani. Mwenye kiwanja huko anataka sebule inayolitazama Ziwa Tanganyika, na ziwa liko magharibi. Basi ukuta wa magharibi hufanywa kioo kitupu. Mji wetu uko kama digrii 3 tu kusini mwa ikweta: jua la adhuhuri hupiga paa, lakini la kuanzia saa tisa hadi machweo hupiga ukuta huohuo usoni. Sebule hugeuka tanuri. Dawa inayouzwa ni kiyoyozi. Umeme ukikatika, na mkazi gani wa Bujumbura asiyejua unavyokatika, dawa ya pili ni jenereta, nayo yataka mafuta ambayo watu huyapangia foleni. Eti huu ndio usanifu wa kisasa!

Nasema huu si usanifu, ni deni. Mchoraji hulipwa mara moja akaenda zake. Mwenye nyumba hulipa kila mwezi, maisha yake yote.

Wapo watakaosema kwamba hakuna njia nyingine kwa nchi kama yetu. Waende Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi. Mwaka 2012 ilikamilika huko maktaba ya shule ya watoto viziwi, iliyosanifiwa na ofisi ya Brussels iitwayo BC architects & studies. Kuta zake ni matofali ya udongo wa palepale, yaliyoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, kwa hiyo hayakuhitaji kuni za tanuri. Paa lake ni la vigae vilivyofinyangwa nchini, juu ya mbao za mkaratusi. Ubavuni kuna baraza pana inayokinga jua na mvua, na kutani kuna matundu ya kupitisha hewa. Watoto wana wavu mkubwa wa kamba za mkonge wa kujilaza wakisoma. Hakuna kiyoyozi hapo.

Ila la maana zaidi ni yaliyofuata. Ofisi ile haikupiga picha ikaliacha wazo lake Muyinga. Mwaka 2014 ilijenga shule ya awali kwa udongo huko Aknaibich, Moroko. Mwaka 2018 waanzilishi wake walianzisha Brussels kazi ya BC Materials, inayokusanya udongo unaochimbwa kwenye viwanja vya ujenzi, ambao kwa kawaida hutupwa, na kuugeuza matofali na lipu. Huo ndio msimamo: jambo moja, mwaka baada ya mwaka, kwa maskini na kwa tajiri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeligeuza: mgeni alikuja, akajifunza kwetu, akapona yeye!

Najua majibu mawili yatakayotolewa. La kwanza: mteja ndiye mwenye fedha, anachotaka apewe. Je, daktari humwandikia mgonjwa dawa yoyote aitakayo? Msanifu anayejua kwamba kioo kile kitaiunguza sebule, naye akanyamaza, ameuza ujuzi wake kwa bei ya kalamu. Ziwa laweza kuonekana vizuri kutoka kwenye baraza yenye kina, chini ya paa lililotoka nje, chumba kikibaki kivulini.

La pili: udongo ni wa maskini. Sisemi kila nyumba ya Kiriri iwe ya udongo. Mlima ule una makorongo na mvua kubwa. Msingi wa mawe na nguzo za zege vina mahali pake. Ila uzalishaji wa saruji duniani hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Itumike panapohitajika, si kila mahali kwa ajili ya fahari.

Ninyi walimu wetu, mwanafunzi akileta mchoro, mwulizeni kwanza jua linaingilia wapi na maji ya mvua yanatokea wapi, kabla ya kumsifia uso wa jengo. Nanyi wenzangu, siku mtakapotafuta kazi, msidanganywe na bango lenye jani la kijani. Iulizeni ofisi maswali matatu. Je, hurudi kwenye majengo yake masika yanapopita, ikaona kilichopasuka na kilichovuja? Je, kanuni inayotumia kwenye jumba la tajiri ndiyo inayotumia kwenye zahanati ya kijijini? Je, inaweza kukupeleka kwenye jengo lake la miaka kumi iliyopita, mkakaa ndani saa tisa alasiri, umeme ukiwa umekatika, bila kukimbilia nje?

Isiyoweza haijengi majengo endelevu. Inapaka rangi.