Asiyelipa nauli hamwambii dereva apunguze mwendo



Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniandikia mkidhani naumwa. Siumwi. Nilikuwa nyumbani Igawa kwa mama, na kuna jambo nilikuwa naogopa kuliandika. Leo naliandika, mnihukumu mnavyotaka.

Kwa wasiopajua, Igawa ni pale barabara kuu ya TANZAM inapovuka mto Mbarali, ukitokea Makambako kwenda Mbeya. Zamani ukitoka kwetu kidogo tu kuelekea Makambako ulikuwa umeshaingia Iringa. Tangu mkoa wa Njombe uanzishwe mwaka 2012, unaingia Njombe. Mimi nimekulia kandokando ya lami hiyo. Mama aliuza karanga na mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi, na mayai hayo ndiyo yaliyonisomesha. Sisi watoto wa pale tulijua gari kwa mlio wake: malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya Dar, na mashangingi ya vigogo, yale yenye vioo vyeusi ambayo hayasimami kununua yai.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Miaka michache iliyopita nilipanda ndege kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza maishani, na nilikaa daraja la biashara. Ndiyo, mimi. Mtoto wa muuza mayai.

Ilikuwa hivi. Kuna kampuni moja inayouza pembejeo, jina lake nitalihifadhi, ilialika waandishi wachache kwenda kuhudhuria maonyesho ya kilimo na kutembelea makao yake makuu. Tiketi ilipofika kwenye barua pepe niliisoma mara tatu. Nilidhani wamekosea.

Hawakukosea. Uwanjani Dar sikupanga foleni. Nilipelekwa chumba cha kupumzikia chenye makochi na chakula cha kujipakulia, na hakuna aliyeuliza bei. Ndani ya ndege nilipewa kitaulo cha moto, nikabaki nimekishika maana sikujua ni cha uso au cha mikono. Abiria wa kawaida walikuwa wanapita kuelekea nyuma, wengine na watoto mgongoni, na kila aliyepita alinitupia jicho. Nikafungua gazeti nikajifunika uso. Nilikuwa naona raha na aibu kwa pamoja.

Baada ya chakula kiti kikalala mpaka kikawa kitanda. Nikavuta blanketi, nikafikiria basi la Dar kwenda Mbeya. Wenzangu wa nyanda za juu mnalijua. Unaondoka alfajiri, unapita Mikumi, unapanda Kitonga, unafika Mafinga magoti yameshakufa ganzi, na Igawa bado. Zaidi ya kilometa 700 ukiwa umekaa wima, gunia la mtu likiwa miguuni pako. Dar hadi Doha kwa ndege ni kama saa sita tu. Yaani safari ndefu zaidi kwa saa ndiyo ya nyumbani, na ndiyo isiyo na kitanda!

Nilipofika nikatafuta habari za kile kiti. Daraja hili si la zamani sana. Shirika la Qantas la Australia lilianzisha la kwake mwaka 1979, kwa ajili ya watu wa biashara waliokuwa wanalipa nauli kamili huku wamekaa pamoja na watalii waliolipa nusu. Kitanda cha kulala bapa kabisa kwenye daraja hilo kililetwa na British Airways mwaka 2000. Kabla ya hapo kulala kama upo nyumbani ilikuwa ni mambo ya daraja la kwanza. Nauli yake kwa kawaida ni mara tatu, nne au zaidi ya ile ya nyuma. Na si fedha tu. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba abiria wa daraja la biashara anabeba lawama ya hewa chafu karibu mara tatu ya abiria wa kawaida, kwa sababu moja rahisi: anakula nafasi ya watu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kukaa mbele ni dhambi. Mgonjwa anayepelekwa India kutibiwa anahitaji kulala. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kwa fedha yake, akitaka kulala alale, jasho ni lake. Hata shirika letu la ATCL linawahitaji watu hao. Ile Boeing 787 iliyotua Dar Julai 2018 ina viti 262, na 22 kati ya hivyo ni vya daraja la biashara. Viti hivyo vichache vikipata wateja wa kweli, vinasaidia sana kulipia safari ya wale 240 waliobaki. Na shirika lenyewe linahitaji msaada: ripoti ya CAG ilionyesha lilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka wa fedha 2022/23. Lakini nasema wateja wa kweli. Serikali ikimnunulia ofisa wake kiti cha mbele kwenye ndege ya Serikali, hapo fedha imetoka mfuko wa kushoto imeingia wa kulia, na njiani imekatwa posho.

Hapo ndipo nakumbuka Novemba 20, 2015. Rais Magufuli alikuwa analifungua Bunge pale Dodoma. Alitaja hesabu ambazo wengi wetu hatukuwahi kuzisikia kwa sauti ya kiongozi. Kwamba katika miaka miwili ya fedha, 2013/14 na 2014/15, Serikali na mashirika ya umma walitumia zaidi ya shilingi bilioni 356 kwa safari za nje. Tiketi za ndege peke yake zilikula bilioni 183. Posho za kujikimu bilioni 104. Mafunzo ya nje bilioni 68. Akasema fedha hiyo ingetosha kujenga kilometa 400 za lami. Ilitangazwa pia kwamba daraja la kwanza na la biashara ni kwa Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu tu, wengine wote nyuma.

Nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka.

Kilometa 400 ni nyingi kiasi gani? Sisi wa Igawa tuna kipimo chetu. Kutoka Igawa hadi Tunduma ni kilometa 218. Barabara hiyo inabeba mizigo ya Zambia na Kongo na mabasi yetu kwa wakati mmoja, na ni nyembamba. Madereva wanaujua mteremko wa Inyala na watu waliopotea pale. Kwa hesabu ya Rais, safari za ndege za miaka miwili zingetandika lami kutoka kwetu hadi Tunduma na kurudi karibu na nyumbani. Mpango wa kuipanua barabara hiyo upo, na upanuzi wa njia nne ulipoanza, ulianza na kilometa 29 za Uyole, Ifisi hadi uwanja wa ndege wa Songwe. Najua sababu, foleni ya jiji la Mbeya ni mateso. Lakini mama aliposikia aliuliza, "Kwa hiyo wameanza na wanaopaa?"

Haya, turudi kwangu, maana ni rahisi kuhesabu tiketi za vigogo kuliko ya kwako.

Kabla ya ile safari nilikuwa nafuatilia habari. Wakulima wa huku kwetu walikuwa wanalalamika kuhusu mbegu za mahindi walizonunua. Wanasema zilipandwa kwa wakati, mvua ilinyesha, hazikuota. Jirani yetu mmoja, mzee ninayemheshimu kama baba, alinionyesha mifuko mitupu aliyoihifadhi na risiti zake. Mbegu hizo zilikuwa za kampuni ileile iliyonialika. Nilikuwa na maswali matatu kwenye daftari. Mzee akaniambia, "Basi mwanangu, ukifika huko kwa wakubwa wao utuulizie."

Nilifika. Nilikaa nao meza moja siku nne. Sikuuliza.

Hakuna aliyenikataza. Hakuna aliyenipa bahasha wala aliyeninong'oneza nyamaza. Kila nilipotaka kufungua mdomo nilikumbuka kile kitanda, kile kitaulo, na yule dada wa ndege aliyekuwa ananiita kwa jina. Nikaona ni utovu wa adabu. Mtu amekulaza, unaamkaje na kumuuliza habari za mbegu mbovu? Niliporudi niliandika makala mbili za teknolojia ya kilimo ya Ulaya. Zilisifiwa. Ya mbegu ikafa kwenye daftari.

Mwezi uliopita nikiwa Igawa nilikutana na yule mzee pale kituoni. Hakunigombeza. Alinisalimia vizuri, akauliza kazi, akauliza afya. Halafu akasema, "Ulituulizia?"

Ndugu zangu, afadhali angenitukana.

Jioni nikamsimulia mama kila kitu. Akaniuliza swali moja: nauli ya ndege ile ni shilingi ngapi? Nikamwambia sijui, sikulipa mimi. Alikuwa anapepeta karanga, wala hakunitazama. Akasema, "Hapa barabarani, mwanangu, asiyelipa nauli ni tingo. Umewahi kumsikia tingo akimwambia dereva apunguze mwendo?"

Nimelifikiria neno hilo tangu siku ile. Tingo anaona gari linavyokimbia kuliko abiria yeyote. Anajua tairi limekwisha, anajua breki zina kasoro. Lakini hana la kusema, kwa kuwa kiti chake hakukilipia. Abiria aliyelipa elfu zake ndiye anayepiga kelele, "Dereva, tutafika hai?"

Kwa hiyo kelele zetu za nani amekaa mbele na nani nyuma zinakosea shabaha kidogo. Amri ya 2015 ilikuwa nzuri, na mimi bado naiunga mkono. Lakini ofisa anaweza kukaa kiti cha nyuma kabisa karibu na choo na bado safari yake ikawa ya kupoteza fedha zetu. Na mwingine anaweza kukaa mbele kwa tiketi ya mzabuni anayesubiri saini yake, Serikali isitoe hata senti, na hiyo ndiyo safari ya gharama kubwa kuliko zote. Swali la kwanza liwe: nani amelipa? La pili: anategemea nini?

Napendekeza mambo mawili tu.

Moja, kila ofisi ya umma ibandike hesabu ya safari zake za nje kila baada ya miezi mitatu: nani alisafiri, kwenda wapi, daraja gani, nani alilipa, alirudi na nini. Mbandike kwenye tovuti na kwenye ubao wa matangazo. Sisi kijijini tunasomewa mapato na matumizi ya choo cha shule kwenye mkutano wa hadhara. Kwa nini tiketi ya ndege iwe siri?

Mbili, sisi waandishi. Mwandishi akisafirishwa na mtu, mwishoni mwa habari pawe na sentensi moja: mwandishi wa habari hii alisafiri kwa gharama za fulani. Sentensi moja tu. Msomaji ni mtu mzima, atapima mwenyewe. Maadili ya Baraza la Habari yanatukataza kupokea vishawishi, tunayajua na tunayanukuu kwenye semina. Tatizo ni kwamba tumezoea kuiona rushwa ndani ya bahasha, wakati siku hizi inaweza kuja na kitanda na blanketi.

Najua mtakaloniambia. Waandishi wengi hawana mikataba, wanalipwa kwa habari moja moja, na vyombo vyao haviwezi kuwapeleka hata Dodoma, sembuse Ulaya. Ni kweli. Mimi mwenyewe bila ule mwaliko nisingeliona jengo lile. Ndiyo maana sisemi tukatae kila mwaliko. Nasema tuutaje. Na tukiona tukiutaja habari itanuka, basi tujue ilikwishaoza kabla.

Nimeanza upya ile habari ya mbegu. Nimeshaandika barua kwa kampuni yenye maswali yangu matatu, na mwanzoni kabisa nimewakumbusha kwamba waliwahi kunisafirisha. Safari hii nilikwenda Igawa kwa basi, kwa nauli yangu, kiti cha dirishani. Magoti bado yananiuma.

Wakijibu nitaandika. Wasipojibu pia nitaandika. Mzee, kama mjukuu wako anakusomea hapa, nisamehe. Nakuulizia sasa.

Alamsiki.