Mandari Yetu Iwe ya Miguu



Tunaomba tuseme machache juu ya mandari. Kila mwaka mazungumzo yake huanza kwa suali moja tu: safari hii tunakwenda hoteli gani ya pwani? Sisi tunaona mandari ya chuo ingefanywa hapa hapa mjini, kwa miguu, na chakula kikawa cha wauzaji wetu wenyewe.

Tuanze na lile lisilosemwa vikaoni. Mandari ya gari ina mchango wa gari, wa kiingilio, wa soda na wa chipsi. Kila mwaka wapo watoto ambao siku ya mandari "wanaumwa". Sote tunaijua homa hiyo inatokana na nini, na siku ya pili chuoni hakuna anayeuliza. Watoto wanakaa jamvi moja na wanasomeshwa na maalim mmoja, kisha furaha inagawiwa kwa uwezo wa mfuko wa baba.

Halafu tukirudi tunawaachia watu wa kijiji kile sahani za plastiki, vikombe na chupa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, nasi tunajitetea kwamba sahani si mfuko. Hao hao ndio tunaosomeshwa kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani.

Sasa tutazame tulichonacho. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Watu wanapanda ndege kuja kutembea katika vichochoro ambavyo sisi tunavipita mbio tukienda Darajani. Tusali Alasiri, tushike njia ya Mkunazini, tusimame Hamamni penye hamamu ya zama za Sayyid Barghash (1870–1888), kisha Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno, na tumalizie Forodhani. Hata kwa mwendo wa watoto wadogo si njia ndefu, na sehemu kubwa ni kivuli. Vespa ndizo za kuogopwa. Kila mkubwa amshike mkono mdogo mmoja.

Wataosema watoto wanataka kuogelea, wanasema kweli. Lakini siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hujaa alasiri, na vijana wa mjini huruka baharini pale pale Forodhani. Mwenye kuijua kalenda ya Kiislamu anaweza kuichagua siku bila ya kumuuliza mtu. Waruke wakubwa wanaojua kuogelea tu, na maalim awepo. Wasichana hawatoogelea pale, ni kweli, lakini hata hotelini walikuwa wakikaa juu ya mchanga wakilinda viatu vya kaka zao.

Na chakula! Bustani ile ilifunguliwa mwaka 1936 na ikatengenezwa upya mwaka 2009, na jioni ndipo wauzaji wanapotandika meza zao. Pana mishkaki, muhogo wa kuchoma, ndizi, pweza, na juisi ya miwa inayokamuliwa na ndimu na tangawizi mbele ya macho yako. Urojo tunaweza kuuagiza kwa mama yeyote wa mtaani, na bajia zake, kachori na chatne ya nazi. Muhogo umelimwa shamba hapa hapa kisiwani, na pesa inabaki kwa jirani ambaye mtoto wake huenda akawa ni yule aliyekuwa "akiumwa". Chipsi za hoteli hazina hata moja katika hayo.

Wako wanaohofia matumbo ya watoto, na hofu hiyo si ya kubezwa. Basi wakubwa watangulie kuchagua: mwenye maji safi ya kunawia, anayefunika chakula chake, na anayechoma pale pale kikaliwa cha moto. Matunda yamenywe na sisi wenyewe. Kila mtoto aje na bakuli lake la bati na kikombe chake kutoka nyumbani, na ya kunywa tuyachukue katika madumu. Madafu hayahitaji hata kikombe.

Mchango uwe wa chakula tu. Mwenye uwezo alipie wawili, amkabidhi maalim mkononi, na pasisomwe majina ya waliolipa wala wasiolipa.

Matunda tutayabeba kwa mapakacha. Wapo kati yetu wanaojua kusuka, na wasiojua watafundishwa wiki moja kabla. Wazee wenye minazi, tunawaomba makuti mabichi.