Mwacheni Kinda Alipo



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme machache juu ya makinda ya ndege tunaowaokota bustanini kila mwaka mvua za masika zinapoanza. Kwa maoni yangu jambo hili halifanywi ipasavyo hapa shuleni.

Desturi yetu ni hii. Mwanafunzi anayefagia kando ya ua wa michongoma humkuta kinda wa shore ameketi majanini, mkia wake mfupi kama kidole gumba, wala haruki. Mara watu humzunguka. "Maskini, ameanguka, mamaye kamtupa!" Basi huchukuliwa bwenini, akatiwa katika sanduku la viatu, akapewa jina, akalishwa ugali na kunyweshwa maji kwa kijiko. Siku ya pili au ya tatu hutupwa nyuma ya jiko, amekufa, na hao waliomwokota husikitika kweli kweli. Mimi sina ugomvi na huruma yao. Ugomvi wangu ni na sanduku.

Yafaa tujue kwamba kinda yule hakuanguka. Shore hutaga mayai mawili au matatu, huyaatamia muda wa wiki mbili hivi, na makinda wakiisha kuota manyoya hutoka tunduni kabla hawajaweza kuruka sawasawa. Ndivyo walivyo. Tundu lenye makinda wanaolilia chakula humjulisha adui mahali lilipo, na kinda aliyejificha peke yake majanini huenda akapona hata ndugu zake wakiliwa. Kwa siku kadhaa hurukaruka chini na katika matawi ya chini, na baba na mama humletea wadudu na matunda. Sisi tuliomzunguka ndio tunaowazuia wasije! Mtu akirudi nyuma hatua 20 au 30, akakaa kimya penye kivuli, atawaona: ndio wale wenye kichwa cheusi na manyoya ya manjano chini ya mkia, wanaopiga kelele juu ya mpapai wakati wote ambapo sisi twasema kinda ni yatima.

Tena kuna maneno tuliyoyapokea kwa wakubwa wetu, kwamba ukimgusa kinda, mamaye atanusa harufu ya mtu na kumkataa. Simvunjii mzee yeyote heshima, lakini si kweli. Ndege hawa hawawatambui watoto wao kwa pua. Kwa hiyo kinda mchanga kabisa, aliye uchi, ambaye kweli ameangushwa na upepo, aweza kurudishwa tunduni kwa mkono bila hofu. Huyo ndiye wa kuinuliwa. Mwenye manyoya aachwe. Na akiwa katika njia ya lori la kuni, asogezwe kichakani hapo hapo karibu, basi.

Na yale maji ya kijiko? Njia ya pumzi ya ndege hufunguka nyuma kidogo ya ulimi, na maji yakimiminwa humwingia humo akapaliwa. Ugali nao hutushibisha sisi. Kinda ataka panzi na viwavi tangu alfajiri hata jua kuchwa. Nani kati yetu atatoka darasani mara kwa mara katika kipindi cha hesabu kwenda kutafuta viwavi?

Wenzangu hunijibu: "Na kunguru je?" Swali hili ni la haki. Hapa pwani wamezidi kunguru wa India, waliofikishwa Unguja katika miaka ya 1890 kisha wakaenea bara, nao ni wezi wakubwa wa mayai na makinda. Nimemwona mmoja akimnyakua kinda mbele ya darasa la Kidato cha Pili, na iliniuma. Walakini kunguru hawa hawafuati makinda tu; wanafuata makombo tunayoyamwaga nyuma ya bwalo. Anayetaka kumsaidia shore na alitafutie pipa lile kifuniko, halafu amwombe mpishi amfungie paka wake asubuhi.

Limebaki jambo la ua. Amri imetolewa ukatwe wote kabla ya siku ya wazazi, na siku hiyo mwaka huu ni katikati ya masika. Upande wa maktaba mna matundu mawili yenye makinda. Nilimwomba kiranja wa mazingira auache upande huo, akasema wageni watatuona wavivu. Naona wageni waweza kuelezwa. Wiki tatu zatosha. Zikiisha, makinda watakuwa wameruka, na mimi mwenyewe nitashika panga. Mwalimu wa zamu akiniruhusu, nitaweka kibao kidogo pale, ili wazazi wajue kwa nini upande mmoja haujakatwa, nao wapite taratibu.