Tusilipue Kazi

Katika barua na ripoti za kiofisi zinazoandikwa kwa Kiingereza hukutikana neno “perfunctory”. Wapo wanaolipita bila ya kulitafutia maana, na wapo wanaolidhani kuwa ni sifa njema. Sivyo. Tumeona inafaa tulieleze, kwani jambo lenyewe tunalo hapa hapa visiwani.

Asili yake ni Kilatini. Warumi walisema “fungi”, yaani kutekeleza wajibu. Walipotanguliza “per”, maana ikawa kuutekeleza mpaka kumalizana nao. Humo ndimo lilimozaliwa neno la kumweleza mtu atendaye kazi si kwa kuijali, bali kwa kujitua mzigo. Waingereza walilipokea mwishoni mwa karne ya 16. Mzizi huo huo umewapa “function”, yaani kazi au wadhifa, na “defunct”, yaani kilichokwisha kufa. Basi wajibu, ulipuaji na kifo ni watoto wa tumbo moja.

Lugha yetu haikukosa maneno. Tunasema kulipua kazi. Tunasema bora liende. Lakini tusichanganye na shingo upande. Afanyaye shingo upande huonyesha kuwa hataki, na aonekanaye huonyeka. Mlipuaji hakatai wala hataki: hutia saini, hugonga mhuri, hufunga faili. Ni kama mwanafunzi wa chuoni asomaye mbio ili mwalimu amwachie akacheze. Aya ameimaliza, wala hakuisoma.

Mwananchi aliyevuka bahari kutoka Pemba kufuata karatasi moja Unguja, akarudishwa kwa kuwa jina lake limekosewa na mwandishi asiyelitazama mara ya pili, analijua neno hili ingawa hajui Kiingereza.

Na yapo makubwa kuliko karatasi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 1911 haukuwa, ulikuwa wa 2011, karibu nasi sana, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu kupita kiasi chake. Kuhesabu abiria bandarini si kazi ya bora liende.

Ndugu watendaji, wananchi hawaombi miujiza. Wanaomba faili lisomwe kabla ya kutiwa saini, na chombo kikaguliwe kabla ya kung’oa nanga. Wadhifa usiotimizwa kwa moyo umekwisha kufa, ijapokuwa mwenye nao angali kitini.