Sumaku kichwani si uchawi, wala si ya wazungu peke yao

Nilipotea kidogo kwa sababu ya kazi za programu na stima ya hapa Khayega, ambayo hukatika pale tu unapotaka kuhifadhi kazi. Leo nimerudi na hasira.

Jumamosi, baada ya kutazama mafahali wakipigana, tulikaa kibandani kunywa chai. Kijana mmoja akatuonyesha video kwenye simu: mtu amewekewa koili kichwani, na kidole gumba chake kinaruka chenyewe. Jamaa mmoja akasema hiyo ni mashine ya kutawala akili za watu. Mwingine, tena mwalimu, akasema ni mchezo wa matajiri na sisi hautuhusu. Yule wa kwanza nilimcheka tu. Wa pili ndiye aliyeniudhi.

Koili hiyo hupitishiwa mkondo mkali wa umeme kwa muda usiofika milisekunde 1. Hapo huzaliwa nguvu ya sumaku ya kama Tesla 2, ambayo hupenya mfupa wa kichwa na kuamsha umeme mdogo katika gamba la ubongo. Ukilenga sehemu inayoamrisha mkono, ishara hushuka kupitia uti wa mgongo na kidole huruka baada ya milisekunde 20 hivi. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walilionyesha jambo hili mwaka 1985. Miaka mitano kabla yao, Merton na Morton walikuwa wametumia umeme wa moja kwa moja juu ya ngozi ya kichwa, na ulikuwa unauma. Hakuna wazo linalosomwa hapo. Sisi watu wa kompyuta tunaijua kazi hii: ni ping. Unatuma pakiti, unahesabu milisekunde, unaona kama upande wa pili unajibu.

(Mafundi wa redio, tafadhali msijaribu kuiunda nyumbani. Kapasita zake hubeba volti zinazoua.)

Sasa nakujia wewe, mwalimu. Mwaka huohuo wa 1985 kulikuwa na ukame Tarime, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka ukitokea Migori. Watu walikula mihogo michungu ambayo haikuandaliwa vya kutosha, sayanidi ikiwa bado imo. Baadhi yao miguu ilikakamaa ghafla na haikurudi tena kuwa kama zamani. Ugonjwa huo unaitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Sisi tunaochanganya unga wa muhogo kwenye ugali, kweli hautuhusu?

Kilichoharibika ni nini: msuli, neva ya mguu, au ubongo? Wagonjwa wawili kutoka Zaire walichunguzwa Sweden, matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Picha za MRI za ubongo na uti wa mgongo hazikuonyesha kasoro. Wakawekewa koili. Kimya. Nguvu ikapandishwa hadi mwisho wa mashine. Kimya bado. Picha ilisema seva ni nzima, ping ikasema hakuna anayejibu. Yeyote aliyewahi kukesha na seva ya namna hiyo anajua ni ipi ya kuamini. Mwaka 2002 uchunguzi mpana zaidi wa wagonjwa wa konzo, kwa umeme na kwa sumaku, ulichapishwa na Mkongo, Désiré Tshala-Katumbay, pamoja na wenzake. Mchezo wa matajiri, eti!

Mtaniambia konzo huzuiwa kwa kuloweka mihogo siku kadhaa, si kwa koili. Kweli kabisa, na koili haimponyi mgonjwa wa konzo. Lakini mtoto akiamka miguu imekaza, jirani atasema amerogwa, na mwingine atasema ni polio, ingawa polio hulegeza miguu. Kujua waya uliokatika uko wapi ni haki ya mtoto huyo, na haifai apandishwe ndege kwenda Sweden ili aipate. Wagonjwa tunao. Vijana wa uhandisi na udaktari tunao pia. Koili nazo zije waliko walaji wa mihogo.

Mwalimu, Jumamosi ijayo nitakuwa kibanda kilekile. Chai ni juu yangu.