MJUKUU WA MHUBIRI NA BASTOLA



Sisi wahubiri tunapenda sana kumtaja Jonathan Edwards, yule mtumishi wa uamsho kule Marekani. Mjukuu wake hatumtaji. Aliitwa Aaron Burr. Baba yake pia alikuwa mchungaji, na mkuu wa chuo ambacho leo kinaitwa Princeton. Kabla mtoto hajafika miaka 3, baba, mama na babu wote walikuwa wamekufa. Akalelewa na mjomba. Akaanza hata masomo ya theolojia, akayaacha.

Mwaka 1775 akaenda vitani, akatembea na jeshi porini hadi Quebec. Ujasiri alikuwa nao. Baadaye akawa wakili, seneta, na 1801 akawa Makamu wa Rais chini ya Thomas Jefferson.

Sasa sikiza. Mwaka 1804 aligombea ugavana wa New York akashindwa. Kisha gazeti likachapa barua kwamba Alexander Hamilton, aliyepigana vita ile ile, amemsema vibaya. Neno gani hasa? Barua haikutaja! Burr akadai maelezo. Barua zikaenda, zikarudi. Hamilton hakukana wala kuomba radhi. Burr hakuachilia. Tarehe 11 Julai, Burr akiwa bado Makamu wa Rais, walivuka mto Hudson hadi Weehawken kupigana kwa bastola. Hamilton akafa kesho yake. Na Hamilton huyo alikuwa amemzika mwanawe Philip 1801, aliyeuawa kwa mapigano ya aina hiyo hiyo. Uchungu aliujua, na bado akaenda.

Watu hubishana nani alikuwa mbaya kati yao. Mimi naona yeyote kati yao angeyamaliza kwa barua moja. Daudi alipotukanwa na Nabali alijifunga upanga, lakini Abigaili akamkuta njiani akamzuia (1 Samweli 25). Marafiki wa hawa wawili walibeba barua, halafu wakawapimia hatua 10 za kusimama.

Mpendwa, umehifadhi kwa simu yale maneno ndugu yako aliandika kwenye grupu ya familia, na kila jioni unayasoma tena. Yule rafiki anayekuletea mengine mapya, ni Abigaili huyo, ama ni mpima hatua?

Kama unaogopa kwenda kwake peke yako, niandikie inbox. Tutaenda pamoja.