Usalama wa Mtandao Huanzia Mpakani

Msomaji, maneno "usalama wa mtandao" yakitajwa, watu wengi hufikiri chumba chenye ubaridi mjini Nairobi, kompyuta zilizopangwa safu safu, na vijana hodari wanaowinda wezi wasioonekana kwa macho. Fikira hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake ni nusu. Katika mambo ya ulinzi, nusu ya ukweli yaweza kudhuru kuliko uongo mzima, maana humlaza mlinzi naye akijidhani yu macho. Mimi nadai ya kuwa sera ya nchi yetu ya kuulinda mtandao imeanza kujengwa kutoka darini, na kwamba msingi wake katika kaunti za mpakani, yaani minara ya simu, umeachwa wazi.

Tuanze na tukio lililotambuliwa na wote. Mwezi wa Julai 2023 mfumo wa eCitizen, uliokusanya maelfu ya huduma za serikali mahali pamoja, ulishambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijigamba kuwa ndilo lililofanya hivyo. Njia yao ilikuwa kuimiminia mitambo maombi ya bandia kwa wingi, kama umati uliosongamana mlangoni hata mwenye haja ya kweli asipate pa kupita. Abiria walitaabika kupata tikiti za treni, na wageni walitaabika kupata ruhusa ya kuingia nchini. Magazeti yaliandika, mawaziri walieleza, na taifa zima lilishtuka. Lilikuwa na haki ya kushtuka.

Sasa tutoke Nairobi twende Kutulo. Huu ni mji mdogo wa Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Wajir, katika njia iendayo El Wak, na Somalia haiko mbali. Upande huu adui hana haja ya maombi ya bandia. Huja usiku na baruti. Kwa miaka mingi wapiganaji wa Al-Shabaab wamelipua au kuchoma minara ya simu katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Tena mnara si wa kijiji kimoja. Mara nyingi hupokea mawimbi kutoka mnara wa nyuma yake na kuyapeleka kwa ule wa mbele. Wa katikati ukianguka, wa mbele nao huweza kuwa bubu ingawa umesimama wima.

Fikiri hasara yake. Chifu aonaye watu asiowajua wakipita kichakani hana njia ya kumwarifu polisi. Mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa hana wa kumwitia gari. Mwenye ngamia hajui bei ya soko la Garissa, na fedha zake zilizo katika M-Pesa hukaa kama nafaka katika ghala lililopotelewa na ufunguo. Mwalimu hawezi kupeleka alama za wanafunzi wake kwa Baraza la Mitihani kwa njia ya mtandao, na kijana aliyefaulu hawezi kuomba nafasi ya chuo kikuu kwa wakati. Je, mfumo uliofungwa kwa saa chache Nairobi ni jambo la taifa, na mfumo uliofungwa kwa siku nyingi mpakani ni jambo la wenyeji? Mimi sioni tofauti ila moja: anayelia huku hasikiki, kwa sababu simu yake imekatwa.

Adui amelielewa jambo hili kabla yetu. Desemba 2019 basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa katika eneo la Kutulo, abiria wakauawa, polisi miongoni mwao. Mwezi uliofuata, tarehe 13 Januari 2020, washambuliaji waliingia Kamuthe, Kaunti ya Garissa. Waliwaua walimu watatu, na katika shambulio hilo hilo wakauharibu mnara wa simu. Zingatia uchaguzi wao: mwalimu na mnara. Baadaye walimu wengi waliotoka kaunti nyingine waliondolewa kaskazini mashariki, na watoto wakabaki na madarasa yasiyo na wa kuwafundisha. Nchini Somalia, mnamo Januari 2014, kundi hilo hilo liliamuru makampuni ya simu yakate intaneti ya simu za mkononi. Huko Afghanistan, mwaka 2008, Taliban walitaka minara izimwe usiku, wakaibomoa ile ya waliokataa. Atakaye kuwatawala watu kwa hofu huanza kwa kuwatenga wasisemezane.

Watunga sheria wetu nao wamefanya nini? Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ilipitishwa mwaka 2018. Ndani yake mna kifungu kinachotaka mifumo ambayo kukatika kwake kwaweza kuhatarisha maisha, uchumi au usalama itangazwe kuwa miundombinu muhimu na kulindwa kwa namna ya pekee. Kifungu hicho ni chema. Lakini sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho Oktoba 2025, mabishano yalikuwa juu ya maneno: nani aandike nini, na tovuti ipi ifungwe. Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu ya marekebisho hayo. Bidii kubwa ilitumika kwa ulimi wa raia, na mnara uliolala chini haukupata mtetezi katika kelele hizo.

Kosa hili lina asili ya zamani. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulishauri fedha za maendeleo zitiwe pale zitakapoleta pato kubwa upesi. Nchi kavu ya wafugaji ikawekwa nyuma. Isitoshe, sheria za hali ya hatari ziliwakalia watu wa kaskazini mashariki hata mwaka 1991. Hesabu ile ile inarudi leo kwa vazi jipya: kampuni huuliza mnara wa mpakani utaleta faida gani, na serikali huuacha ulinzi wake kwa kampuni.

Wako watakaosema ya kuwa kujenga upya ni kutupa mali, kwani adui atarudi. Nawauliza: daraja likibebwa na mafuriko, twaambiwa tusivuke tena? Isitoshe, fedha zipo za kazi hii. Kila kampuni ya mawasiliano iliyo na leseni hutozwa asilimia 0.5 ya mapato yake kwa ajili ya Mfuko wa Huduma kwa Wote, uliowekwa makusudi ili mawasiliano yafike pale ambapo biashara peke yake haiendi. Wengine watasema magaidi nao hutumia simu. Ni kweli, nao hutumia barabara pia. Ukiizima simu kwa kumwogopa gaidi, umemfanyia kazi yake bila ujira, na umemnyang'anya raia mwema kinywa chake cha kutoa habari.

Yafaa basi mambo matatu yatendeke. Kwanza, kila mnara wa mpakani uhesabiwe kuwa mali ya ulinzi wa taifa, na sheria iweke idadi ya siku ambazo lazima urudishiwe sauti baada ya kuharibiwa. Pili, kila mji kama Kutulo upewe njia ya pili ya mawasiliano, ili mnara mmoja ukianguka mji usiwe kiziwi. Tatu, na hili ndilo kubwa, wenyeji wenyewe wafanywe walinzi wenye mshahara na heshima. Seng'enge peke yake haimzuii mwenye baruti. Humzuia mji unaojua kwamba mnara ni wake. Lakini raia aliyezoea kuulizwa kizuizini kila siku kama kweli yeye ni Mkenya atauonaje mnara wa Kenya kuwa mali yake? Kwa hiyo sera ya mtandao isiyoanza na kumheshimu raia wa mpakani itashindwa hata ikinunuliwa mitambo ya dunia nzima.

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, huenda kesho ukawa mhandisi, hakimu au mbunge. Ramani ya mtandao wa nchi italetwa mezani pako, na watakaoileta watakuonyesha kwanza vyumba vya Nairobi. Waulize habari za Kutulo, na usitie sahihi mpaka wakujibu.